Kaseti ya Tamasha Inayokimbia

SWALI: Nina rekodi ya tamasha la bendi ya roki la mwaka 1977, iliyotoka kwenye kaseti. Mbona sauti ya mwimbaji ni nyembamba, na wimbo mmoja umekatika katikati?

JIBU: Kasi imezidi. Linganisha noti na gitaa lililotyuniwa vizuri. Rekodi ikiwa juu kwa nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za gitaa), punguza kasi kwa asilimia 5.6. Usishushe pichi (kimo cha sauti) peke yake, tempo (mwendo wa wimbo) itabaki mbio. Kagua pia mwisho: betri za kinasa sauti zikififia wakati wa kurekodi, kanda huzunguka taratibu, na ukiicheza kwa kasi ya kawaida sauti hupanda polepole. Mkato ni kaseti ya dakika 90 kugeuzwa ilipofika 45. Uache ulivyo! Kuuziba kwa kipande cha usiku mwingine ni kuharibu kumbukumbu.