Kabla ya kulipia kiwanja, panda na korongo

Kiwanja changu cha kwanza hapa Arusha nilikinunua Januari, jua kali na vumbi. Pembeni palikuwa na korongo kavu, watoto wakicheza mpira humo. Dalali akasema ni njia ya ng'ombe, nami nikaamini. Fundi alipochimba msingi, futi mbili tu chini, akakuta mchanga, kisha mawe ya mviringo, laini kama mayai. Akanipa moja mkononi: "Bosi, hili jiwe limetembea." Nikamwambia aendelee.

Aprili, mchana, mtaani hakuna hata tone, maji ya kahawia yakashuka yakazoa tofali na saruji yote. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani.

Meru, wenye mita 4,566, ni volkano, na maji huukimbia kila upande kama spoku zinavyotoka katikati ya gurudumu la baiskeli. Mito ya Themi, Nduruma na Usa imejichimbia kila mmoja bonde lake. Kilimanjaro ni vilevile: Karanga, Weruweru, Kikafu. Wakati wa kiangazi vijito vingine hukauka, lakini njia yao inabaki palepale. Chini, mteremko ukilegea, mito huanza kukutana kama matawi yanavyorudi kwenye shina: huingia Kikuletwa, bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Maji yakipunguza kasi hutua mzigo wao wa mchanga na mawe. Ndiyo maana "kiwanja tambarare, kinachimbika vizuri" siku hizi kinanitia wasiwasi.

Kwa hiyo panda na korongo kwa miguu, walau nusu saa, uhesabu vijito vinavyoliingia. Angalia na kichwa chake, yaani pale juu linapoanzia: korongo hukua kwa kula ardhi kuelekea juu, hivyo aliyejenga mbele ya kichwa hicho naye hayuko salama. Rudi masika. Muulize bibi aliyelima hapo miaka yote, muache dalali. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Zipime kwa futikamba, usikadirie kwa macho.

Kile kiwanja sikukiuza. Sikuona namna ya kumuuzia mtu bila kumficha. Nimepanda matete na mianzi, kingo zimeanza kushika.