Kiwanda kina likizo ya kodi, mshonaji ana makato

Mwenzetu kauliza kwa nini serikali ya Kenya inawasamehe kodi wenye viwanda vya EPZ (maeneo maalumu ya viwanda vinavyouza nje) halafu inamkaba mtu wa mshahara. Nimeandaa mishahara kwa miaka kwenye kiwanda cha nguo kule Athi River, kwa hiyo naanzia kwenye makato.

Chukua mshonaji wa shilingi 20,000 kwa mwezi. PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, haimgusi, kwa sababu ile asilimia 10 ya mshahara wake inamezwa na afueni ya kodi ya 2,400. Wengi huishia hapo na kusema maskini hakatwi. Lakini NSSF (akiba ya uzeeni) inachukua 1,200, SHIF (bima ya afya) 550, ada ya nyumba za serikali 300. Tayari 2,050 zimekwenda na hajalipa nyumba wala nauli. Supavaiza wake wa 60,000 anakatwa hizo hizo kwa asilimia ile ile, kisha PAYE ya kama 8,500 juu yake. Huyo ndiye aliyekuwa akinijia dirishani kila mwisho wa mwezi, karatasi mkononi, akitaka nimwonyeshe pesa zimeenda wapi.

Mwenye kiwanda je? Miaka 10 ya kwanza halipi kodi ya faida, 10 inayofuata analipa asilimia 25 badala ya 30. Si mapenzi. Bei ya nguo inapangwa na mnunuzi Marekani, na huyo anajua Bangladesh wanashona kwa ngapi. Kilichowavuta wawekezaji wengi huku ni AGOA ya mwaka 2000, sheria ya Marekani inayosamehe ushuru bidhaa za Afrika, maana fulana ya nyuzi bandia bila msamaha ule hutozwa asilimia 32 ikiingia kule. Ukimbana sana mwenye kiwanda anapakia mashine kwenye kontena; Tanzania nao wanatoa miaka 10. Mshonaji wa Mlolongo mwenye watoto shuleni atahamia wapi?

Ndiyo maana 2023, serikali ilipotafuta pesa, mkono ulirudi kwenye mishahara kwa ile ada ya nyumba. Haki isemwe: mwajiri naye hulipa asilimia 1.5 yake ya ada ya nyumba. Ila kwetu meneja alituita akasema nyongeza mwaka huo haipo, ada imeila. Basi sehemu yake mwajiri pia tulilipa sisi.

Wanaotaka likizo ya kodi ifutwe kesho siwaungi mkono, labda Kenya, Tanzania na Uganda zifute pamoja. Linalowezekana bila kumsubiri jirani ni SHIF na ada ya nyumba ziwe na kiwango ambacho chini yake mtu hakatwi, kama PAYE.