Re: Mtoto anakohoa kila kiangazi, ni vumbi au kinga ndogo?

Salama dada. Nimekuelewa: uko Nkuhungu, Dodoma, mtoto ana miaka minne, kikohozi kinaanza upepo wa Juni ukianza, umeshampa antibayotiki kila mara na kinarudi.

Kabla ya kulaumu vumbi, angalia jiko la mkaa linawashiwa wapi. Kwetu Ihumwa lilikuwa linawashwa mlangoni, tena kwa kuchoma mfuko wa plastiki, moshi wote unaingia chumba cha watoto. Tulipolihamishia nyuma ya nyumba, kikohozi cha usiku kilipungua sana.

Vumbi la barabarani mara nyingi ni chembe kubwa, pua na ute hunasa nyingi. Za moshi ni ndogo mno, zinafika hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko zinachosha seli zinazomeza vijidudu, na vile vinyweleo vya kusukuma uchafu kuelekea kooni vinazembea. Kwa hiyo mtoto si lazima awe na kinga mbovu, ila ulinzi wa mapafu umezidiwa. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema moshi wa ndani karibu unaongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto.

Ndani nyunyiza maji kwanza ndipo ufagie. Barakoa ya kitambaa kwa moshi haisaidii sana.

Antibayotiki acha kununua kienyeji. Mimi si daktari, pumu siwezi kuipima humu. Kikohozi kikipita wiki mbili apimwe TB pia, na akipumua haraka au mbavu zikibonyea, kituo cha afya leo leo.