Hewa ukaa: ni volkano au ni sisi?

Umeuliza kama hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayoongezeka angani inatoka kwenye volkano. Hapana, ndugu yangu. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa sehemu 315 hivi kwa milioni. Leo imepita 420. Na ina alama ya ilikotoka. Mimea hupendelea kaboni-12, aina nyepesi ya kaboni, kuliko kaboni-13 iliyo nzito kidogo, hivyo makaa ya mawe na mafuta, yaliyotokana na viumbe vya kale, yana upungufu wa kaboni-13. Tazama hewani: uwiano wa kaboni-13 unashuka mwaka hadi mwaka. Gesi ya volkano haina upungufu huo, na kwa wingi haifikii hata asilimia 1 ya tunayotoa sisi. Oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo, kama inavyotarajiwa kitu kinapochomwa.