Safu ya Maswali: Android, iPhone na Umri wa Simu Yako

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kati ya mifumo endeshi inayoshindana katika simu na vishikwambi, ni upi ulio mwepesi zaidi na ni upi unaotunzwa kwa muda mrefu zaidi. Tumechagua nne.

SWALI: Mimi ni mwanamke mfanyabiashara, nauza vitambaa. Simu ndiyo duka langu la pili, kwa kuwa wateja huona mali kupitia WhatsApp na hulipa kwa M-Pesa. Nimepewa simu mbili nichague moja, na bei zake zinakaribiana: iPhone XR iliyokwisha kutumika, au Samsung Galaxy A16 mpya ambayo boksi lake halijafunguliwa. Kijana wangu anasema iPhone haina mpinzani kwa wepesi wala kwa masasisho. Je, ni kweli? *(Msomaji, Mombasa)*

JIBU: Mama, kijana wako amepatia nusu ya kwanza ya maneno yake, nusu ya pili ilikuwa kweli zamani, lakini kwa simu hizi mbili mambo yamegeuka.

Tuanze na wepesi. iPhone XR ilitoka mwaka 2018 ikiwa na prosesa, yaani ubongo wa simu, ya A12 Bionic, na mpaka leo prosesa hiyo huishinda Helio G99 iliyomo katika Galaxy A16 ya 4G, hasa katika kazi zinazotegemea kiini kimoja cha prosesa, kama vile kufungua ukurasa mrefu wa tovuti. Kwamba XR ina RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi, ya GB 3 tu wakati A16 ya kawaida ina GB 4 kusikushangaze. Mfumo wa iOS, ambao ndio wa iPhone, huzisimamisha mapema programu zilizoko nyuma ya ile unayoitumia, na programu zake huachia kumbukumbu mara tu zinapomaliza kuihitaji, ilhali programu za Android kwa kawaida hukusanya kumbukumbu zisizotumika kwa awamu, jambo linalohitaji nafasi ya ziada. Ndiyo maana kulinganisha RAM za mifumo hii miwili kwa namba peke yake hakumsaidii mnunuzi.

Sasa masasisho. Apple ilipotoa iOS 26 mnamo Septemba 2025, iPhone XR, XS na XS Max ziliachwa nje. Toleo lao la mwisho ni iOS 18. Hilo halimaanishi kwamba XR imekufa, kwa sababu Apple ina desturi ya kutuma viraka vya usalama, yaani masasisho madogo ya kuziba matundu ya mfumo, kwa simu zilizopitwa na toleo jipya, na iPhone 5s, simu ya mwaka 2013, ilipata kiraka hata Januari 2023. Hata hivyo Apple yenyewe hueleza kwamba si kila kasoro inayojulikana huzibwa katika matoleo ya nyuma. Galaxy A16 kwa upande wake ilitoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na ahadi ya matoleo sita ya Android na miaka sita ya viraka vya usalama, yaani hadi takribani mwaka 2030. Ukiweka simu hizo mbili mezani leo, moja imemaliza safari ya matoleo makubwa na nyingine ndiyo kwanza inaanza.

Sifa ya iPhone katika jambo hili haikuzuka bure. Apple hutengeneza simu, prosesa na mfumo wenyewe, kwa hiyo sasisho linapokuwa tayari, simu zote zinazostahili hulipata siku ileile, iwe Mombasa au Chicago. Sasisho la Android hupita mikono mingi: Google hutoa msimbo, watengenezaji wa prosesa kama MediaTek na Qualcomm huurekebisha uendane na vifaa vyao, kisha kampuni ya simu huongeza sura yake juu, ndiyo hizo One UI ya Samsung, HiOS ya Tecno, XOS ya Infinix na nyinginezo, na katika baadhi ya nchi kampuni za mawasiliano nazo hulijaribu kabla halijakufikia. Kila mkono unaweza kuchelewesha, na mkono ambao simu ya bei ya chini haiuletei faida tena huacha kabisa. Mwaka 2017, kwa Android 8, Google ilitenganisha sehemu ya mfumo inayozungumza na vifaa na sehemu iliyobaki, na kwa Android 10 mwaka 2019 ikaanza kusasisha baadhi ya vipande vya mfumo moja kwa moja kupitia Play, duka lake la programu. Kazi hiyo ilipunguza gharama, na matunda yake yakaonekana katika ahadi: Pixel 8 ya Google ya Oktoba 2023 iliahidiwa miaka saba, Galaxy S24 ya Samsung ya Januari 2024 ikaahidiwa saba vilevile, na baadaye ahadi ndefu zikashuka hadi kwenye simu za tabaka la A16. Zipo bado simu nyingi za Android madukani ambazo hupata toleo moja tu baada ya kununuliwa, au halipatikani hata hilo moja; ahadi hutolewa kwa modeli, haitolewi kwa Android nzima.

Kwa kazi yako ningechukua A16. Isikudanganye kwamba itakuwa na mbio mwaka wake wa tano, kwani masasisho hayaongezi nguvu ya prosesa, na huenda ukaiona ikisitasita unapohama kutoka WhatsApp kwenda kwenye kamera. Lakini fedha za wateja hupitia humo, na viraka vya usalama ndivyo vinavyozilinda. Kama waweza kuongeza fedha kidogo na moyo wako uko kwa iPhone, basi tafuta iPhone 11, ambayo ilipokea iOS 26, na uhakikishe kabla ya kulipa kwamba mwenye nayo wa kwanza ameondoa akaunti yake ya Apple.

SWALI: Simu yangu ya Android imekuwa nzito tangu niliposasisha. Wenzangu chuoni wanasema kampuni hutuma masasisho ili kuzifanya simu zetu ziwe nzito tukanunue mpya, nami nimezima masasisho yote. Je, nimekosea? *(Mwanafunzi, Arusha)*

JIBU: Ndugu, minong'ono hiyo ina asili, na asili yenyewe iko upande wa iPhone. Mnamo Januari 2017 Apple ilitoa iOS 10.2.1, na ndani yake kulikuwa na utaratibu wa kupunguza kasi ya prosesa katika baadhi ya simu, kuanzia iPhone 6, pale betri inapochakaa. Sababu ya kiufundi ilikuwepo: betri iliyozeeka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla, na prosesa inapoudai umeme huo, simu huzimika ghafla hata kama chaji inaonekana bado ipo. Kosa lilikuwa kwamba wenye simu hawakuambiwa waziwazi. Walipogundua mwishoni mwa 2017, Apple iliomba radhi, ikapunguza bei ya kubadilisha betri Marekani kutoka dola 79 hadi dola 29, na Machi 2018, kwa iOS 11.3, ikawawekea watumiaji ukurasa wa kuona afya ya betri na kuuzima utaratibu huo wakipenda. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowajulisha wateja. Wengi walikuwa wameshanunua simu mpya ilhali walichohitaji ni betri.

Katika simu yako huenda mambo ni ya kawaida zaidi. Baada ya sasisho kubwa mfumo huzipanga upya programu na kuzipitia picha zote, kazi inayoweza kuchukua siku moja au mbili na kula chaji, kisha utulivu hurudi. Kama uzito umeendelea, tazama hifadhi. Simu nyingi za bei nafuu hutumia hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko UFS ya simu ghali, na inapokaribia kujaa husuasua vibaya sana, kwa sababu kila kinachoandikwa hulazimika kutafutiwa nafasi kwanza. Video za makundi ya WhatsApp ndizo huwa mtuhumiwa wa kwanza. Futa, uache nafasi ya kutosha, uzime simu na kuiwasha, ndipo uihukumu.

Kuzima masasisho yote ni kosa, kwa kuwa umefunga pamoja vitu viwili vilivyo tofauti. Toleo jipya la Android hubadilisha sura na uwezo wa mfumo. Kiraka cha usalama huziba tundu lililokwisha julikana, na huwa kidogo kiasi kwamba hakimalizi bando. Google ilianza kutoa viraka kila mwezi mwaka 2015, baada ya kugundulika kasoro iliyopewa jina la Stagefright, ambayo ilimwezesha mhalifu kuingia katika simu kwa kutuma tu ujumbe wenye video. Mtu anayejua tundu lililozibwa kwenye simu za wengine ndiye anayeitafuta simu ya mtu kama wewe. Ruhusu viraka daima. Toleo kubwa waweza kulisubirisha wiki chache, hasa kama simu yako ina RAM ndogo, ukasoma wenye modeli kama yako wanasema nini. Mwenye iPhone afikiri zaidi kabla ya kubonyeza, kwa sababu muda mfupi baada ya toleo jipya kutoka, Apple huacha kuidhinisha lile la zamani, na baada ya hapo hakuna fundi anayeweza kumrudisha nyuma.

SWALI: Nahitaji kishikwambi cha kuandalia masomo na kusahihishia kazi za wanafunzi. Duka moja lina kishikwambi cha Android ambacho boksi lake limeandikwa "RAM 8 GB, Android 14", kwa nusu ya bei ya iPad ya kizazi cha tisa iliyotumika. Kwa nini nilipe mara mbili kupata RAM ndogo? *(Mwalimu, Dodoma)*

JIBU: Mwalimu, lichunguze boksi hilo vizuri. Mara nyingi, kwa maandishi madogo pembeni ya hiyo 8, utakuta "4+4". Maana yake ni kwamba RAM halisi ni GB 4, na nyingine nne ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa ifanye kazi ya RAM. Hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, kwa hiyo nyongeza hiyo husaidia programu isifungwe kabisa unapoiacha, lakini haikifanyi kishikwambi kiwe chepesi. Kuiandika namba ya jumla kwa herufi kubwa ni biashara isiyo ya haki, na inasikitisha kwamba imezoeleka.

Halafu omba kiwashwe. Ingia katika Mipangilio, kisha Kuhusu kishikwambi, kisha Toleo la Android, na usiishie kwenye namba ya toleo: soma tarehe ya sasisho la usalama iliyo chini yake. Android 14 ilitoka Oktoba 2023. Kama mfumo unajiita Android 14 lakini tarehe ya usalama ni ya mwaka 2021, namba imechezewa, kwa sababu toleo hilo halikuwepo wakati huo. Ondoka dukani bila kujadili bei. Kama tarehe ni ya kweli lakini imepita zaidi ya mwaka mmoja, elewa kwamba mtengenezaji ameshakisahau, na kitabaki hivyo kilivyo.

iPad ya kizazi cha tisa ni ya mwaka 2021, ina prosesa ya A13 na RAM ya GB 3, nayo ilipokea iPadOS 26 mwaka 2025. Apple iliutenga mfumo wa iPad kutoka ule wa iPhone mwaka 2019, na tangu hapo programu za skrini kubwa zimepewa uzito wake: kalamu, mafaili ya flashi, na katika iPadOS 26 hata madirisha yanayopishana kama kwenye kompyuta. Google iliwahi kuvisahau vishikwambi kwa miaka kadhaa, ikavirudia kwa Android 12L mwaka 2022, lakini mpaka leo programu nyingi za Android hufunguka humo zikiwa na sura ya programu ya simu iliyovutwa tu ijaze skrini. Kwa upande mwingine iPad haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na ile ya GB 64 itakujaa mapema ukihifadhi video za masomo, jambo ambalo vishikwambi vingi vya Android hulimaliza kwa kadi ya bei ndogo.

Usichukue ulichoonyeshwa. Chukua hiyo iPad ikiwa betri yake ni nzima, ama tafuta kishikwambi cha Android cha kampuni inayotaja wazi, kwa modeli hiyo, miaka ya masasisho. Kisha gawanya bei kwa miaka iliyobaki, si kwa miaka iliyoahidiwa siku kilipotoka kiwandani. Mara nyingi ile "mara mbili" unayoiogopa hutoweka hapo.

SWALI: Je, simu za Huawei bado ni za Android, na zinapata masasisho? *(Msomaji, Lubumbashi)*

JIBU: Ndugu, Mei 2019 Marekani iliiwekea Huawei vikwazo vilivyoizuia kupata huduma za Google kwa simu zake mpya. Ndani ya China kampuni hiyo ilijenga HarmonyOS, na toleo lake la 2024 liliachana na msingi wa Android, hata programu za Android hazifunguki humo kwa kawaida. Simu zinazouzwa nje ya China zimeendelea kutumia EMUI, iliyojengwa juu ya Android, bila Play wala huduma za Google. Masasisho yapo na vifaa vyenyewe ni imara. Kikwazo ni programu zako. Kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji aiweke mbele yako programu ya benki yako na ile unayotumia kutuma pesa, kutoka AppGallery, duka la programu la Huawei, kisha uifungue na uingie mpaka ndani. Isipofunguka, simu hiyo haikufai, hata ikiwa na kasi kiasi gani.