Kidonda cha ajali kinazidi kuwa cheusi na antibayotiki anachomwa, shida nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Kaka yangu alianguka na bodaboda akaburuzika kwenye tope, mguu ukachanika vibaya. Wiki ya pili sasa anachomwa antibayotiki ila nyama inazidi kuwa nyeusi, wanasema huenda ni fangasi na kila mara wanamrudisha thieta kukata tena. Fangasi si za vidole tu? Hana kisukari wala nini. Nimnunulie flukonazo?

JIBU: Marahaba, pole sana dada. Flukonazo usinunue, hawa wanaoshukiwa haiwagusi. Wa vidoleni wanakaa juu juu ya ngozi, hawa wengine makao yao ni udongo na majani yaliyooza, ajali ikiwasukumia ndani wanaingia mpaka kwenye mishipa ya damu wanaiziba, damu haifiki, nyama inakufa, ndio huo weusi. Sasa dawa nayo si inapita kwenye damu, itafikaje pale? Kwa hiyo kukata ndio tiba yenyewe, na wanarudia kwa sababu leo panaachwa pasafi kesho unakuta pameoza tena pembeni.

Na si lazima awe na kisukari, japo kisukari kinaongeza hatari. Tarehe 22 Mei 2011 kimbunga cha tornado kilipiga mji wa Joplin kule Marekani, watu 13 waliojeruhiwa na mbao na vifusi wakapata mukomaikosisi, yaani ugonjwa wa hawa fangasi wa udongo, kwenye vidonda, wengi wao hawakuwa na kisukari, na 5 walifariki.

Cha kuuliza wodini ni kama walichukua kinyama au walipitisha pamba ya swabu tu. Swabu inaweza kukosa kabisa wakati fangasi yuko ndani. Kinyama kigawanywe, kimoja kwa wataalamu wa kuangalia nyama kwa hadubini, kingine kioteshwe maabara kuona kama fangasi ataota, na wasikisage maana nyuzi za hawa fangasi ni laini zikisagwa zinakufa halafu majibu yanatoka "hakuna kitu" (hili nimeligombania sana).

Dawa ya kwenda pamoja na kukata ni amfoterisini B ya dripu, na huwa hawasubiri kuotesha kuishe ndio waanze. Inaumiza figo na kushusha potasiamu, kwa hiyo atatolewa damu mara kwa mara, msishangae. Ile ya laiposomu (amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta) ina unafuu kwa figo ila bei imesimama, ulizeni kama bima inalipia. Mkiambiwa vorikonazo, dawa nyingine ya fangasi, peke yake ulizeni vizuri, aspajilasi (fangasi wa aina nyingine) inamuweza lakini hawa wa mukomaikosisi hapana.

Na asali, majivu, sijui dawa ya kienyeji, kwenye hicho kidonda msipake.