Mwiko wa plastiki kwenye plasta: kwa mkono wa mwisho

Sheikh, umeuliza kama mwiko wa plastiki unafaa kwa plasta ya jipsamu, ile nyeupe ya ndani. Unafaa, ukutani na darini, lakini kwa mkono wa mwisho tu, yaani kulainisha. Wa chuma usiuache. Kupaka na kunyoosha ni kazi ya chuma, maana plastiki inapinda: ukiupitisha penye bonde, unalifuata bonde badala ya kulijaza, na ukuta unabaki na mawimbi.

Faida ya plastiki iko kwenye jipsamu ikishaanza kukaza, ukiigusa haigandi kidoleni lakini bado ina ubaridi wa unyevu. Hapo ulaze karibu bapa, vuta kwa mikono mirefu, maji kidogo sana. Ile mistari iliyoachwa na ncha za chuma inafutika, na hupati yale madoa meusi yanayotokea chuma kikisuguliwa sana juu ya plasta nyeupe. Darini ndiko utaupenda zaidi, ni mwepesi, bega halichoki upesi.

Nasema hivi kwa sababu ndiyo kazi yangu hapa Unguja. Kwenye lipu ya saruji na mchanga usiupeleke kabisa, mchanga unaukwaruza, na mkwaruzo mmoja ukingoni utauchora ukutani kila unapopita. Uoshe kila mara, plasta isikaukie.

Kama nyumba yenyewe ni ya chokaa, zile za Mji Mkongwe, usiing'arishe mno kwa mwiko wowote, chokaa hukaza kwa kuvuta hewa, na ukiing'arisha unaiziba. Huko mwisho piga kibao cha mbao.